Zilibaki Mechi Sita

Halima aliponiomba niandike habari za ugonjwa wangu kwa ajili ya akina mama wenzetu wa hapa Stockholm, alinisihi niandike kwa upole. "Usije ukawatisha, shoga yangu," alisema. Nimejaribu mara tatu, na mara tatu nimechana karatasi. Upole sina. Ini langu limepona, daktari anasema. Hasira haijapona, na sioni kwa nini nimfiche mtu ambaye kesho huenda akalazwa chumba kile kile nilicholazwa mimi.

Naitwa Justina. Kwetu ni Bukoba. Kanisa letu lilinileta Sweden kusomea uuguzi, miaka ya sitini ikielekea mwisho. Mume wangu, Anselmo, ni Mhispania. Tulikutana kwenye darasa la jioni la Kiswidi, sote wawili tukiwa hatuwezi hata kuulizia mkate dukani. Yeye alikuwa mcheza mpira, na ugonjwa wangu hauelezeki bila mpira wake, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Anselmo alikulia katika mji wa wachimba makaa ya mawe. Baba yake alishuka shimoni, kaka zake wakashuka shimoni, yeye peke yake akabaki juu kwa sababu ya miguu yake. Alicheza kiungo: yule anayepokea mpira kwa walinzi na kuwafikishia washambuliaji, anayekimbia kuliko wote, na ambaye picha yake haitoki gazetini. Alicheza miaka saba daraja la pili huko kwao. Daraja la kwanza alicheza mechi kumi na moja tu, kisha goti likaumia na klabu ikamtema. Hizo mechi kumi na moja nazijua zote. Najua ni ipi ilichezwa kwenye tope, najua ni katika ipi mashabiki walisimama wakampigia makofi alipotolewa. Alikuwa na miaka ishirini na saba klabu moja ya Stockholm ilipomtafutia kazi kiwandani mchana na namba kwenye timu jioni. Ilikuwa timu ya daraja la pili iliyokuwa ikitamani kupanda, na Anselmo alikuwa na kiu hiyo hiyo: acheze msimu mmoja mzima wa daraja la kwanza, nchi yoyote ile, kabla goti halijamgomea kabisa.

Tukaoana, tukapata nyumba ya vyumba viwili Hagsätra, kituo cha mwisho cha treni, na binti yetu Koku akazaliwa. Mimi na Koku tuliongea Kiswahili. Baba yake alimsemesha Kihispania. Mimi na mume wangu tulikutana kwenye Kiswidi chetu kibovu, ila aliniita Mama Koku kama mwanamume wa Bukoba.

Mwaka ninaousimulia ulianza na baridi kali. Koku alikuwa anakaribia miaka mitatu. Timu ilifanya mazoezi kwenye theluji, na daktari wa klabu akaanza kuwachoma wachezaji sindano za vitamini ili wawe na nguvu msimu ukifunguliwa. Aliwachoma kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wamepanga foleni, suruali zikiwa magotini. Anselmo alinisimulia kama kichekesho. Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa uuguzi. Nikamuuliza, "Sindano anabadilisha? Anachemsha kati ya mtu na mtu?"

Akacheka. "Mama Koku, yule ni daktari."

Nikanyamaza, nikaendelea kumenya viazi. Hilo ni kosa langu, na nalitaja mapema ili usidhani nawakasirikia wengine tu.

Theluji ilipoanza kuyeyuka alienda kambini siku kumi na mbili. Alirudi amekonda hadi mkanda wa suruali umetobolewa tundu jipya. Akasema chakula cha kambi kilikuwa kibaya. Nikampikia supu ya mifupa, nikalala naye, mume wangu niliyekuwa nimemkosa.

Mwezi wa saba ndipo mwili wangu ulipoanza kunikataa. Kwanza ilikuwa kahawa. Mimi ni mtoto wa Bukoba, nimekua natafuna kahawa, lakini asubuhi moja harufu yake ilinifanya nikimbilie chooni. Kisha nikachoka. Sisemi uchovu wa zamu, huo naujua. Nilikaa chini kwenye ngazi za kituo cha treni nikashindwa kuinuka, watu wakinipita pembeni wakidhani nimelewa. Kisha mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi. Ngozi yangu ni nyeusi, haikuonyesha kitu. Ni mwalimu wetu wa wodini aliyenivuta dirishani kwenye mwanga, akanitazama macho, akageuza viganja vyangu, akasema, "Justina, usimguse mgonjwa yeyote. Vua aproni."

Katika chumba cha kusubiri cha hospitali ya magonjwa ya kuambukiza nilikaa saa tatu. Watu waliacha viti viwili vitupu kila upande wangu. Bibi mmoja aliyekuwa akikohoa kwenye leso yake mwenyewe alihama kiti kunikwepa.

Daktari alikuwa kijana, mwenye adabu. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Mara ya mwisho ulikuwa Afrika lini?"

"Miaka minne iliyopita."

"Umepata wageni kutoka huko? Chakula kilichotumwa?"

"Hapana."

"Una uhakika?"

"Daktari, nasomea uuguzi. Hii si homa ya manjano ya mbu. Hii ni homa ya ini."

"Ndiyo, ndiyo," akasema, na kuandika. Akauliza mume wangu anafanya kazi gani. Nilipomtaja, uso wake ukang'aa. Alikuwa shabiki. Akaniambia jinsi Anselmo alivyocheza vizuri Jumapili iliyopita. Hakuuliza Anselmo amekuwa na afya gani. Hakuomba damu yake. Mimi nilisoma faili langu kichwa chini miguu juu, pale pale mezani. Aliandika *gulsot*, ndilo neno lao la manjano, na chini yake: chanzo, huenda Afrika.

Wiki moja kabla ya hapo tulikuwa tumesherehekea Saba Saba nyumbani kwetu, Watanzania wachache na Wakenya wawili watatu, tukala pilau aliyoipika Halima. Basi wote waliitwa hospitali. Mmoja mmoja, makazini kwao, vyuoni kwao, kwa barua. Halima, ambaye kwao ni Tanga na alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia nguo, alirudishwa nyumbani wiki mbili hadi majibu yatoke. Hakuna hata mmoja aliyekutwa na kitu. Klabu ya mpira, wanaume ishirini na kitu wanaooga pamoja kila siku, haikuandikiwa hata mstari.

Koku alichukuliwa na ofisi ya ustawi wa watoto. Baba yake alikuwa kiwandani mchana na uwanjani jioni, Halima alikuwa chini ya uchunguzi kwa sababu yangu, kwa hiyo wakampeleka kwa familia moja ya Kiswidi nje ya mji. Nilitia sahihi nikiwa kitandani. Sikumbusu. Niliruhusiwa kumpungia mkono.

Wodini siku zilihesabiwa kwa damu: Jumatatu na Alhamisi, chupa mbili. Katikati ya Jumatatu na Alhamisi kulikuwa na kujikuna tu. Hakuna aliyeniambia kwamba ini likiugua ngozi inawasha kutoka ndani, mahali ambapo kucha hazifiki. Nilijikuna hadi shuka zikawa na damu. Nilipungua hadi pete ya ndoa ikawa inadondoka, nikaifunga kwa uzi. Nywele zilitoka kwenye kitana kwa mafungu.

Lakini niseme na yaliyo mema, maana Halima atayatafuta. Muuguzi mmoja wa makamo, Birgit, alinikata kucha kila Jumamosi, akanifunika shuka aliyoilowesha maji baridi, akakaa nami bila glavu huku wenzake wakinipa dawa kwa urefu wa mkono. Na Halima mwenyewe, siku ile ile alipopata majibu kwamba hana ugonjwa, alikuja kusimama nje ya dirisha langu na chupa ya uji. Walimkatalia kuuingiza.

"Wametutoa damu kama ng'ombe wa mnadani!" alipiga kelele kwenye kioo. "Na uji wananikatalia!"

"Unanichukia?" nikamuuliza.

"Nakuchukia wewe una nini? Pona kwanza, wallahi, nitakuchukia baadaye." Akaunywa ule uji wote pale bustanini, mbele yangu, polepole, akiniambia kila funda lina ladha gani. Nilicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

Anselmo alikuja kila Jumapili baada ya mechi, nywele zikiwa bado mbichi. Chumba kilikuwa ghorofa ya chini, tukaongea kupitia kioo. Timu ilikuwa inaongoza ligi. Alinieleza mabao. Aliniuliza nimekula nini. Kuna kitu hakuweza kukifanya, nami nilidhani ni huzuni: hakuweza kunitazama machoni.

Wiki ya saba walimleta mwanamke mwingine kwenye kitanda cha pili. Mswidi, nywele nyeupe kama pamba, na juu ya ngozi yake ile manjano ilionekana hadi shingoni. Nilimtambua. Alikuwa Gunilla, mke wa golikipa wa timu yao. Krismasi alikuwa amekunywa kahawa kwangu.

Siku ya kwanza hatukusema mengi. Siku ya pili akaniambia, akiwa ametazama dari, "Wameniuliza kama nimewahi kula nyumbani kwako."

"Ukasemaje?"

"Nilisema ndiyo, Krismasi."

Nikahesabu kwa vidole. Krismasi na mwezi wa nane. Haiwezekani. Nikamwambia hivyo.

"Najua," akasema. "Niliwaambia pia. Hawakuandika." Kisha akanigeukia. "Kwetu ilianza na mume wangu, kama kwenu. Wewe ulifanyaje mwezi wa nne, Anselmo alipokuwa wa manjano?"

Sikumwelewa. Nilidhani ni Kiswidi changu. Akarudia taratibu, na jinsi alivyoendelea uso wake ukabadilika, maana aliona kwamba sijui. Hapakuwa na kambi. Daktari wa klabu aliwaficha wanaume wawili, mumewe na wangu, kwenye nyumba ya mwenyekiti kando ya ziwa, hadi macho yao yakawa meupe tena. Waliambiwa wasiseme. Ikijulikana, timu nzima ingefungiwa, na msimu ungekuwa umekwisha kabla ya kuanza.

"Nilidhani unajua," Gunilla akasema. "Nilidhani wewe pia umekubali kunyamaza."

Jumapili ikafika. Anselmo akaja dirishani. Walikuwa wameshinda mbili bila. Nikamwacha amalize kueleza bao la pili.

"Mwezi wa nne ulikuwa na manjano," nikasema.

Alishika fremu ya dirisha kwa mikono miwili.

"Sikujua kama inaambukiza. Daktari alisema imepita, haina neno."

"Sawa. Hukujua mwezi wa nne. Na mwezi wa saba, uliponiona macho?"

Akaanza kubandua rangi ya fremu kwa ukucha.

"Wiki saba umesimama hapo, Anselmo. Wenzangu wameitwa kama wezi. Halima amekosa kazi. Mwanangu yuko kwa watu nisiowajua. Faili langu limeandikwa kwamba ugonjwa nimeutoa Afrika. Na wewe unanieleza mabao."

"Nitasema. Naapa nitasema."

"Nenda sasa hivi. Daktari yuko pale ukumbini. Hatua ishirini."

Aliangalia mlango. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, "Mama Koku, zimebaki mechi sita."

Nilivuta pazia.

Mimi mwenyewe nilimwambia daktari, kesho yake, wakati wa damu ya Jumatatu. Alisikiliza, akampigia simu daktari wa klabu. Alirudi akaniambia kwamba yule ni mtu wa heshima, wamesoma pamoja, na hakuna mchezaji yeyote aliyeugua. Nikamgeukia Gunilla. Jana yake jioni mumewe alikuwa amekuja kuongea naye. Akageuza uso ukutani. Siku mbili baadaye wakamhamishia chumba kingine, na sijamwona tena. Ningemchukia, lakini nalijua lile shinikizo. Mumewe alikuwa na mechi sita pia.

Chuo kikaniandikia: hadi chanzo cha maambukizi kijulikane, nafasi yangu inasitishwa.

Niliruhusiwa kutoka majani ya miti yakiwa yameanza kubadilika rangi. Nilipanda ngazi za nyumba yetu nikipumzika kila ghorofa. Kula bila mafuta, kulala mchana, kutonyanyua kitu. Anselmo alilala sebuleni. Tuliongea mambo ya maziwa na kodi ya nyumba. Alienda mazoezini, akarudi, akaenda mechi, akarudi. Sikuuliza matokeo. Niliyajua kwa jinsi alivyofunga mlango.

Ofisi ilichelewa kuturudishia mtoto hadi damu yangu ipimwe mara mbili zaidi. Jioni waliyomleta nilikuwa nimevaa gauni analolipenda, lile la maua. Alisimama mlangoni na kimkoba kipya.

"Koku wangu," nikasema. "Njoo kwa mama."

"Nej, mamma," akajibu. Hapana, mama. Hakuwahi kunijibu kwa Kiswidi. Nilimwongelesha Kiswahili, akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo. Nikanyoosha mkono kumgusa shavu. Akarudi nyuma, akaniuliza kwa Kiswidi, kwa adabu kabisa, kama nimenawa. Kisha akaenda bafuni, akapanda kigoda chake, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, mbele na nyuma, kama alivyofundishwa kufanya kila aliposikia mama yake akitajwa.

Anselmo alikuwa amesimama kwenye korido. Aliona yote. Mtoto alipomaliza kunawa, akampa baba yake sabuni na kumwambia, "Na wewe, baba. Mama ana ugonjwa wa Afrika."

Alishika ile sabuni muda mrefu.

Asubuhi hakwenda kiwandani. Alienda hospitali, akakaa kwenye kile chumba cha kusubiri, akamwambia yule daktari shabiki wake kila kitu: sindano, foleni, nyumba ya ziwani, jina la golikipa. Akanyoosha mkono akatolewa damu. Ilionyesha homa ya ini bado imo. Wachezaji wote wakaitwa, na wanne wengine wakakutwa nayo. Klabu ikamwita Anselmo mbele ya mwenyekiti na wakili, wakamwambia amevunja mkataba, achukue viatu vyake. Timu ikacheza mechi mbili za mwisho na wachezaji wa akiba, ikapanda daraja hivyo hivyo. Daktari wa klabu alistaafu na kupewa maua. Anselmo hakucheza daraja la kwanza tena, hapa wala kwao. Hakuna klabu iliyomtaka kiungo wa miaka thelathini na moja mwenye goti bovu na mdomo.

Watu wanaoijua habari hii huniambia mume wangu alijitoa mhanga kwa ajili yangu. Halima mwenyewe husema hivyo. Nakubali, alitoa kitu alichokipenda kuliko vyote. Lakini hesabu, dada yangu. Zilibaki sita, naye akaachia mbili. Nne alizicheza. Mimi nikikaa chini kwenye ngazi kuvuta pumzi, yeye alikuwa anapiga kona.

Ukilazwa kwa ugonjwa huu, nakuomba uwe msumbufu. Uliza sindano ya nani. Uliza mumeo alikuwa wapi. Soma wanachoandika, hata kama ni kichwa chini. Mimi baada ya majibu ya Anselmo nilirudi kwa yule daktari. Aliniomba radhi, vizuri kabisa, akasema ataambatanisha karatasi ya maelezo kwenye faili.

"Sitaki karatasi," nikamwambia. "Futa."

"Taratibu haziruhusu kufuta."

"Basi piga mstari. Nitakaa hapa."

Nilikaa. Wagonjwa wawili wakaingia na kutoka, nami nimekaa kwenye kiti cha kona. Mwishowe akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya neno Afrika, akaandika pembeni: sindano za klabu. Nikamwomba atie sahihi na tarehe. Akatia. Na nakala ya ukurasa huo ndiyo iliyonirudisha chuoni, nyuma ya wenzangu mwaka mzima. Sasa ni muuguzi, na wodini kwangu hakuna mgonjwa anayeulizwa ametoka wapi kabla hajaulizwa anaumwa wapi.

Koku amerudi kwenye Kiswahili, kiasi. Nikimwita hunijibu kwa Kiswidi, lakini akiumwa tumbo analia kwa lugha yangu.

Kila baada ya miezi sita tunaenda kupimwa, mimi na baba yake, maana kwake bado ipo kwenye damu na huenda isitoke. Anafundisha mpira wasichana wa mtaani kwetu, siku za Jumanne, akichechemea. Mara ya mwisho tulikaa kwenye chumba kile kile cha kusubiri. Watu hawakuhama viti, labda kwa sababu tulikuwa wawili. Alikuwa ameweka mikono yake mikubwa magotini.

"Mama Koku," akasema, kwa Kiswahili, kitu asichokifanya mara nyingi. "Umenisamehe?"

Nilifikiri kwanza, kwa sababu aliuliza kwa haki.

"Bado," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kukubali. Jina langu likaitwa. Nikavua koti, nikampa alishike, nikaingia.